Kuizoesha Kazi Injini Mpya: Kilomita 1,000 za Kwanza za Pikipiki

Kila mwaka, pamba inapokwisha kupimwa na wakulima kulipwa fedha zao, pikipiki mpya huongezeka katika vijiji vya kata ya Migato na kata jirani za wilaya ya Itilima. Nyingine hununuliwa na mkulima kwa fedha za mauzo. Nyingine hutokana na mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa. Nyingi huingia barabarani kwa mkataba kati ya mwenye chombo na kijana anayeendesha bodaboda, ambaye hupeleka hesabu kila siku au kila wiki hadi pikipiki iwe yake. Kwa kaya nyingi, ukiacha ng'ombe na nyumba, hakuna kitu cha bei kubwa kuliko hicho.

Katika vikundi tunavyovitembelea tumekuwa tukiulizwa swali moja mara kwa mara. Kwa nini pikipiki mbili za aina moja, zilizonunuliwa katika msimu mmoja, hutofautiana sana baada ya mwaka? Moja bado inawaka kwa kiki moja na haipunguzi oili. Nyingine inatoa moshi wa bluu, haina nguvu ya kupanda kilima, na fundi anasema lazima injini ifunguliwe.

Sababu zinaweza kuwa nyingi: oili isiyofaa, vumbi, mizigo mikubwa, barabara mbovu. Lakini ipo sababu moja ambayo huamuliwa mapema sana, katika wiki mbili za kwanza, kabla hata mwenye chombo hajaizoea rangi ya tangi lake. Nayo ni namna injini ilivyozoeshwa kazi ikiwa mpya. Katika makala hii tunaeleza kinachotokea ndani ya injini katika siku hizo, nini kifanyike, na kwa nini jambo hili linapaswa kuandikwa hata kwenye mkataba.

Injini mpya bado haijamalizika kutengenezwa

Ndani ya injini kuna silinda, ambayo ni bomba la chuma, na ndani ya silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, pistoni hupanda mara 5,000 katika dakika hiyo, yaani zaidi ya mara 80 kwa kila sekunde. Pistoni imevishwa ringi nyembamba za chuma. Ringi hizo zina kazi mbili kubwa. Kwanza, huzuia moto na hewa yenye mgandamizo visipenye kwenda chini kwenye oili. Pili, huikwangua oili iliyo kwenye ukuta wa silinda ili isipande juu na kuungua.

Kiwandani, ukuta wa silinda hauachwi ukiwa laini kama kioo. Huchorwa makusudi mistari midogo inayokatana, mithili ya ususi wa mkeka. Mistari hiyo hushika oili ili ringi zisisuguane na chuma kikavu. Lakini ukiutazama ukuta huo kwa kioo cha kukuzia, utaona vilele vidogo vidogo vya chuma kati ya mstari na mstari. Ringi nayo ina vilele vyake. Siku ya kwanza vitu hivi viwili hugusana kwenye vilele tu, na si kwenye uso wote.

Injini inapoanza kufanya kazi, vilele hivyo husagana na kupungua hadi ringi ikae vizuri kwenye silinda yake, kama mfuniko uliosuguliwa ukaenea kwenye chungu chake. Hapo ndipo injini inapokamilika. Kiwanda kimefanya sehemu yake, na sehemu iliyobaki humalizwa barabarani na yule anayeshika mkono wa resi. Ikimalizwa vizuri, ringi huziba sawasawa kwa miaka. Ikimalizwa vibaya, kasoro hubaki ndani, na hakuna oili ya bei kubwa itakayoiondoa baadaye.

Kina mama waliowahi kutumia jiwe jipya la kusagia wanalifahamu jambo hili. Unga wa kwanza huwa na mchanga wa jiwe, hivyo hauliwi. Jiwe lenyewe huanza kusaga vizuri baada ya kutumika. Injini mpya nayo husaga "mchanga" wake, ambao ni vumbi la chuma, nalo huangukia kwenye oili. Tutarudi kwenye jambo hili tutakapozungumzia oili ya kwanza.

Hata magari ya mbio huzoeshwa

Wapo wanaosema kwamba haya ni mambo ya zamani na kwamba injini za siku hizi hazihitaji kuzoeshwa. Ni kweli kwamba mitambo ya viwandani imeboreshwa na nyuso za chuma hutoka zikiwa nzuri zaidi kuliko zamani. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1950, mwenye gari jipya aliweza kubandika tangazo kwenye kioo cha nyuma akiwaomba madereva wengine wampite, kwa kuwa gari lake lilikuwa bado linazoeshwa. Matangazo hayo hayaonekani tena, lakini kanuni yenyewe haijafutwa.

Kampuni ya BMW ya Ujerumani hutengeneza magari yenye nguvu nyingi ya aina ya M. Pamoja na ufundi wake wote, kwa aina kadhaa za magari hayo imemwagiza mnunuzi asizidishe mzunguko wa 5,500 kwa dakika wala kasi ya kilomita 170 kwa saa hadi gari litimize kilomita 2,000. Kisha gari hurudishwa kwa fundi likaguliwe na kubadilishwa oili. Ikiwa gari la fedha nyingi kiasi hicho, linalotembea kwenye lami tupu, linahitaji kuzoeshwa, pikipiki ya cc 125 inayokwenda kubeba magunia kwenye barabara ya vumbi haiwezi kukosa kuhitaji.

Makosa mawili: kuitesa na kuidekeza

Wafugaji wetu wa Kisukuma wanajua namna ya kufundisha maksai kulima. Maksai mchanga hafungwi jembe siku ya kwanza akapelekwa kwenye udongo mgumu kutwa nzima. Atavunjika nguvu na kuichukia nira. Lakini pia hafundishwi kwa kuachwa malishoni. Hufungwa nira pamoja na maksai mzoefu, hukokota gogo jepesi, hupumzishwa, na siku inayofuata huongezewa kidogo. Injini mpya inataka utaratibu huo huo.

Kosa la kwanza, ambalo ndilo la kawaida, ni kuitesa. Pikipiki inatoka dukani asubuhi, mchana imebeba abiria wawili na gunia, resi imefunguliwa hadi mwisho. Vilele vya chuma vinasuguana kwa nguvu kuliko oili inavyoweza kuvitenganisha. Joto hupanda, na pistoni huvimba. Nafasi iliyopo kati ya pistoni na silinda ni ndogo kuliko unene wa unywele, hivyo pistoni ikivimba kupita kiasi hugusa ukuta na kuuchuna. Ikizidi, injini hunoki, yaani hukwama kabisa. Hata isiponoki, michubuko hiyo hubaki kuwa njia ya oili kupanda na moto kushuka.

Kosa la pili halifahamiki sana, nalo ni kuidekeza. Mwenye pikipiki anaionea huruma, anaiendesha kilomita 20 kwa saa muda wote, au anaiacha ikiunguruma kijiweni nusu saa bila kutembea, akidhani ndiyo kuizoesha. Ukweli ni kwamba ringi haishikiliwi ukutani kwa unyumbufu wake peke yake. Mgandamizo wa moto hupita nyuma ya ringi na kuisukuma ishike silinda. Injini isipopewa kazi yoyote, msukumo huo huwa mdogo, vilele havisagiki, na oili huungua kidogo kidogo ukutani hadi ikatengeneza utando mgumu unaong'aa. Utando huo ukijaza ile mistari ya kiwandani, ringi haziwezi kukaa tena. Pikipiki kama hiyo itakula oili, ingawa mwenyewe ataapa kwamba hajawahi kuikimbiza.

Hivyo basi, kanuni ni moja: ipe injini mpya kazi ya wastani, inayobadilika badilika, na uongeze kazi hiyo hatua kwa hatua.

Siku ya kununua

Pikipiki nyingi huletwa zikiwa zimefungwa kwenye maboksi, kisha huunganishwa na fundi wa dukani. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuiwasha na kuondoka nayo Bariadi mjini au mahali pengine uliponunulia, hakikisha mambo yafuatayo:

1. Oili ya injini. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, kisha angalia kijiti cha kupimia au kidirisha cha oili. Iwe kati ya alama ya chini na alama ya juu. Usikubali kuambiwa tu kwamba "imo", iangalie kwa macho yako.

2. Nati na bolti za magurudumu, usukani, injini na ekzosi. Zote ziwe zimekazwa.

3. Mnyororo usiwe umekazwa sana wala kulegea sana, na uwe na mafuta.

4. Upepo wa tairi na ukazaji wa spoku.

5. Kitabu cha maelekezo na kadi ya huduma. Uondoke navyo. Wauzaji wengi hutoa huduma chache za mwanzo bila kutoza ufundi, na huweza kukataa dhamana ikiwa huduma ya kwanza haikufanyika kwa wakati.

Kitabu mara nyingi huwa cha Kiingereza. Mtafute mwalimu au kijana aliyesoma akusomee ukurasa unaohusu injini mpya, kisha uandike namba zake kwenye daftari. Ikiwa kitabu kinatofautiana na makala hii, fuata kitabu, kwa kuwa kimeandikwa kwa ajili ya injini yako.

Kilomita 1,000, hatua kwa hatua

Mpangilio tunaoupendekeza hapa unafaa kwa pikipiki za cc 100 hadi 150 zinazotumika sana katika mkoa wetu wa Simiyu, kama vile Boxer, TVS na Honda.

Kilomita 0 hadi 150. Endesha peke yako au na mzigo mwepesi. Usizidishe nusu ya resi. Kumbuka kwamba si injini tu iliyo mpya. Tairi mpya huteleza kwa sababu uso wake bado haujakwaruzwa na barabara, na breki mpya hazishiki vizuri hadi zizoeane na ngoma au diski yake. Acha nafasi kubwa mbele yako na usifunge breki ghafla isipokuwa kwa dharura.

Kilomita 150 hadi 500. Unaweza kubeba abiria mmoja asiye na mzigo mkubwa. Vitabu vingi vya pikipiki ndogo huweka kikomo cha kati ya kilomita 40 na 60 kwa saa katika gia ya juu kwa kipindi hiki. Usikae kwenye kasi moja kwa muda mrefu. Hili ni muhimu hasa kwa wanaotumia barabara ya lami ya Bariadi hadi Lamadi, ambako mkono hulala mahali pamoja kwa saa nzima.

Kilomita 500 hadi 1,000. Oili ya kwanza ikiwa imekwisha kumwagwa, ongeza kazi kidogo. Abiria mmoja wa kawaida si tatizo. Unaweza kufungua resi hadi robo tatu kwa muda mfupi, kisha uilegeze.

Baada ya kilomita 1,000. Endelea kuongeza taratibu. Itakapofika kilomita 1,500 hadi 2,000 injini itakuwa tayari kwa kazi yake kamili. Kazi kamili haimaanishi mishikaki. Sheria inaruhusu abiria mmoja, na injini ya cc 125 inakubaliana na sheria.

Katika kipindi chote hicho zingatia mambo haya:

Panda na kushuka. Ongeza mwendo kwa nguvu ya wastani, kisha uachie resi pikipiki ijipunguze yenyewe, halafu uongeze tena. Unapoongeza, mgandamizo husukuma ringi ukutani. Unapoachia, injini huvuta oili kidogo juu, nayo huosha vumbi la chuma na kupoza silinda. Dakika 10 za kupanda na kushuka zina faida kuliko saa nzima ya mwendo mmoja.

Usiilazimishe gia ya juu. Ukisikia injini inagonga au kurukaruka kwenye mwinuko, shuka gia. Kukokota mzigo kwa gia ya nne huku injini ikizunguka polepole kunaumiza kama kuikimbiza kupita kiasi.

Ipashe moto kwa muda mfupi. Asubuhi, dakika moja au mbili zinatosha. Kisha ondoka kwa mwendo wa polepole hadi injini ipate joto.

Ipumzishe. Injini hizi hupozwa na upepo wa mwendo. Mahali penye mchanga mwingi, kama unapovuka mto uliokauka, pikipiki huenda polepole kwa gia ndogo huku injini ikilia sana na upepo ukiwa haba. Ukishavuka, ukihisi joto kali miguuni, izime kwa dakika 10 kivulini. Usiimwagie maji, kwa kuwa chuma cha moto kikipozwa ghafla huweza kupasuka.

Oili ya kwanza: isilindwe, imwagwe

Kama tungeruhusiwa kusema jambo moja tu katika makala hii, tungesema hili: badilisha oili ya kwanza mapema. Vitabu vingi hutaja kati ya kilomita 500 na 1,000. Kwa barabara zetu, sisi tunashauri kilomita 500, na tena kilomita 1,000.

Sababu ni lile vumbi la chuma tulilolitaja. Sehemu kubwa ya vumbi hilo hutoka katika kilomita mia chache za mwanzo. Kwenye gari, oili hupita kwenye chujio la karatasi linaloshika chembe ndogo. Pikipiki nyingi ndogo hazina chujio la aina hiyo. Zina wavu wa waya unaozuia vipande vikubwa tu. Zaidi ya hayo, oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha gia na klachi. Kwa hiyo chembe za chuma huzunguka injini nzima na kuwa kama msasa. Oili yenyewe ni takriban lita 1 tu. Mtu anayeilinda oili ya kwanza ili kuokoa bei ya lita 1 anaulinda msasa.

Namna ya kufanya:

Iwashe injini dakika chache ili oili iwe vuguvugu, kisha izime na kuifungua nati ya chini. Tumia chombo safi cha rangi nyeupe, au uilaze oili kwenye sahani, utazame juani. Vumbi jembamba linalometameta ni jambo la kawaida kwa oili ya kwanza. Vipande unavyoweza kuviokota kwa vidole si vya kawaida. Virudishe kwa muuzaji pamoja na pikipiki. Safisha wavu, funga nati bila kuikaza kupita kiasi, weka oili mpya kwa kipimo, washa, zima, subiri, kisha upime tena.

Nunua oili ya pikipiki, si ya gari. Oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na kwa kuwa klachi ya pikipiki imezama ndani ya oili, dawa hiyo huifanya iteleze. Kwenye kopo la oili inayofaa utaona maandishi JASO MA au MA2. Uzito wa oili, kwa mfano 20W-50, ufuate kitabu. Pia nunua kopo lililofungwa. Oili ya kupimiwa kwenye chupa huenda imekwisha kutumika mahali pengine.

Oili iliyomwagwa usiimimine shambani wala karibu na lambo. Ihifadhi kwenye dumu. Wengi huipaka kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa, lakini isiguse maji ya watu na mifugo.

Vumbi na udongo mweusi

Kazi yote ya kuizoesha injini inaweza kuharibiwa na vumbi katika msimu mmoja. Kiangazi, vumbi la barabara likipita kwenye chujio la hewa huingia moja kwa moja kwenye silinda na kusaga ringi zilizokwisha kukaa vizuri. Fungua chujio la hewa kila wiki wakati wa kiangazi, ulikung'ute au kulisafisha kama kitabu kinavyoelekeza. Kamwe usiendeshe pikipiki ikiwa chujio limetolewa kwa madai kwamba inapata nguvu zaidi.

Masika, udongo mweusi wa mbugani hujaza nafasi kati ya gurudumu na matopegadi mpaka gurudumu linagoma. Dereva akizidisha resi, injini mpya hupata joto kali huku pikipiki ikiwa imesimama. Shuka, kwangua tope kwa kijiti, kisha uendelee. Pia kwangua tope lililoganda kwenye mapezi ya silinda, kwa sababu mapezi hayo ndiyo yanayotoa joto.

Mkataba ndio mahali pa kuanzia

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba dereva ana uhuru wa kuchagua. Mara nyingi hana. Kijana aliyekabidhiwa pikipiki ya mkataba Jumatatu anadaiwa hesabu ya Jumatatu hiyo hiyo. Ukimwambia abebe abiria mmoja mwepesi na asizidishe nusu ya resi, unamwambia apeleke hesabu pungufu. Naye akifikiri kwamba akishindwa pikipiki itachukuliwa, atabeba chochote atakachokipata. Mwenye chombo atamlaumu kijana kwa kuua injini, lakini kifo hicho kilianzia kwenye hesabu ya siku ya kwanza.

Tuchukue mfano. Dereva anayetembea kilomita 70 kwa siku atatimiza kilomita 1,000 katika siku 14 au 15. Tuseme mkataba ni wa mwaka mmoja. Mwenye chombo na dereva wanaweza kukubaliana kwamba kwa siku 14 za kwanza hesabu itakuwa nusu. Nusu ya siku 14 ni hesabu ya siku 7. Siku hizo 7 zinaongezwa mwishoni mwa mkataba. Mwenye chombo hajapoteza hata shilingi moja, amesubiri tu. Dereva naye amepata nafasi ya kuizoesha injini ambayo mwisho wake itakuwa yake.

Linganisha na hali ya pili. Mwezi wa nane injini inatoa moshi. Pikipiki inakaa kwa fundi wiki nzima au zaidi ikisubiri pistoni, ringi na silinda kuchongwa upya. Katika siku hizo hakuna hesabu, hakuna posho ya dereva, na pande zote mbili zinabishana nani alipe. Mikataba mingi haisemi wazi, na tumeona urafiki wa ukoo mmoja ukivunjika kwa ajili ya ringi.

Kwa hiyo tunashauri mkataba, uwe wa kuandikwa au wa mbele ya mashahidi, utaje mambo manne:

1. Hesabu ya wiki mbili za kwanza ni kiasi gani.

2. Nani analipia oili ya kilomita 500 na ya kilomita 1,000. Sisi tunaona ni haki alipe mwenye chombo.

3. Daftari la pikipiki litunzwe, likionyesha tarehe, kilomita, oili iliyowekwa na matengenezo. Dereva aandike, mwenye chombo aangalie kila wiki.

4. Injini ikiharibika, nani atabeba gharama ya kuifungua, na kwa kiwango gani.

Kikundi cha kuweka na kukopa kinachotoa mkopo wa pikipiki kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuanza marejesho baada ya wiki mbili. Mkopo unaolipwa na injini nzima ni salama kuliko mkopo unaolipwa na injini inayotoa moshi.

Injini iliyofunguliwa, pampu na mashine

Maelekezo haya hayahusu pikipiki ya dukani peke yake. Silinda ikichongwa na kuwekewa pistoni na ringi mpya, injini hiyo ni mpya tena. Izoeshwe upya kuanzia kilomita 0, na oili yake ya kwanza imwagwe mapema vile vile. Madereva wengi huitoa pikipiki kwa fundi na kwenda moja kwa moja kijiweni. Ndiyo maana baadhi ya injini hufunguliwa mara ya pili ndani ya miezi michache, na fundi hulaumiwa bure.

Kwa vikundi vya bustani vyenye pampu ndogo za petroli, hesabu ni ya saa badala ya kilomita. Kitabu cha injini ya Honda GX160, kwa mfano, kinaagiza oili ya kwanza ibadilishwe baada ya mwezi mmoja au saa 20 za kazi, lolote litakalotangulia. Pampu inayofanya kazi saa 4 kwa siku hutimiza saa hizo kwa siku 5 tu. Oili yake haifiki hata lita 1.

Kwa mashine mpya ya kusaga inayotumia dizeli, usiiache ikizunguka mchana kutwa bila nafaka kwa nia ya kuizoesha. Ipe nafaka kidogo kidogo, ongeza siku hadi siku, na umwage oili ya kwanza kwa saa zilizotajwa kwenye kitabu chake.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, pikipiki mpya hubeba nini katika wiki yake ya kwanza? Nani anaamua?

2. Je, mikataba yetu inasema lolote kuhusu oili ya kwanza na gharama za injini?

3. Kikundi chetu kikitoa mkopo wa pikipiki, marejesho yaanze lini?

4. Ni nani miongoni mwetu anayeweza kusoma kitabu cha maelekezo na kuwaeleza wengine kwa Kiswahili au Kisukuma?

5. Tunapata wapi oili ya pikipiki iliyofungwa, na je, tunaweza kuinunua kwa pamoja kwa bei nafuu?

Tunawaomba wanavikundi wanaonunua pikipiki msimu huu waanze kutunza daftari kuanzia kilomita ya kwanza, na walilete katika mikutano ya robo ijayo. Tukiziweka namba hizo pamoja, tutajifunza mengi kuhusu barabara zetu na injini zetu kuliko kitabu chochote kinavyoweza kutueleza.